Mlezi Hakuitikia

Jengo letu la vijana pale Dutwa lilikuwa na kuta, mlango wa mbao na hata ubao wa kuandikia, lakini halikuwa na paa. Matofali tulifyatua wenyewe, ya udongo mbichi, na kila msimu wa mvua uliyalamba kidogo kidogo. Fundi alishatuambia kwamba kuta zile hazitamaliza masika mengine bila kuezekwa. Kwa hiyo mwaka ule, ungetuuliza sisi vijana wa parokia tunataka nini duniani, tusingekutajia mbingu. Tungekutajia mabati.

Usione ni jambo dogo. Siku hizo Bariadi, wilaya yetu, bado iko Mkoa wa Shinyanga, na msichana wa Dutwa akionekana amesimama na wavulana kando ya njia, habari hufika nyumbani kabla yake. Wazazi walituruhusu kukutana kwa sharti moja, kwamba tutakuwa na jengo la parokia, lenye mlango na paa, mahali panapojulikana. Kuta zikianguka, na kikundi kimekwisha. Wasichana tungerudi jikoni kungoja ng'ombe wa mahari, wavulana wangerudi nyuma ya maksai.

Mlezi wetu aliitwa Januarius. Alizaliwa Mwanhuzi, mtoto wa wafugaji, akasoma seminari, akaiacha. Kwa nini aliiacha hakuna aliyejua vizuri, ingawa akina mama wa jumuiya walikuwa na majibu mengi tofauti na yote waliyatoa kwa uhakika. Alikuwa mrefu, wa miaka thelathini na kidogo, mwenye baiskeli iliyosikika kabla hajafika. Wazazi wetu walituona kama jembe, chombo kizuri kikiwa shambani. Januarius alituuliza tunawaza nini, kisha akanyamaza akasikiliza jibu. Mimi Kabula, ambaye nyumbani niliambiwa kila siku nifunge mdomo, kwake niliongea mpaka nikachoka mwenyewe. Baba yake Milembe alipotaka kumwoza binti yake kwa mzee mwenye wake wawili, ni Januarius aliyekwenda kukaa kwenye kigoda pale kwao, akaongea habari za ng'ombe mchana kutwa, na mwisho akaondoka na ahadi kwamba Milembe amalize shule kwanza. Tulimpenda. Nasema mapema ili usije ukadhani tulikuwa tunamtafutia kosa.

Jambo moja tu alikuwa mkali nalo, nalo ni dawa za kienyeji. Alipoanzisha kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe, padri alisita, kwa sababu kwetu ngoma na dawa ni chanda na pete. Wasukuma hatuna majaji wa ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, huku na huku, na watu wanahama wenyewe. Walipojaa ndipo palipo na ushindi. Sasa kiongozi wa ngoma afanye nini ili watu wahamie kwake? Anakwenda kwa mganga, anachanjwa mikononi na kifuani, anapewa mizizi pamoja na miko yake. Mwiko ambao kila mtoto wa Dutwa aliujua ni huu: aliyechanjwa kwa ajili ya ngoma, akitoka nyumbani asubuhi ya mashindano, haitikii salamu ya mtu wala hampi mtu mkono mpaka ngoma ya kwanza ilie. Akiitikia, dawa imemwagika. Ndiyo maana watu wenye adabu wakikutana na kiongozi wa ngoma asubuhi kama hiyo hukwepesha macho wakampisha. Kwetu kumnyima mtu salamu ni tusi, na hilo ndilo tusi pekee lililokuwa na ruhusa.

Januarius aliufanyia mzaha mwiko huo. Alisema mtu anayemnyima jirani yake salamu kwa ajili ya mizizi ameuza ng'ombe akanunua kwato. Yeye alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja, kila tulipokutana, hata tukiwa tumechelewa mazoezi na amekasirika. Ngoma yetu, alimwahidi padri, itachezwa kwa jasho tu.

Roho ya ngoma hiyo alikuwa Ndaki. Jembe likitoka mkononi mwake lilipanda juu, likazunguka, likarudi kiganjani bila yeye kulitazama. Alilelewa na bibi yake, Nyanjige, kwa kuwa mama yake alikufa mapema, na ndugu waliomtangulia kuzaliwa wote walikufa wangali wachanga. Bibi alimfunga hirizi shingoni kabla hajaota meno, kijifuko cha ngozi kilichokuwa cheusi kwa jasho, ili huyu wa mwisho abaki. Ndaki alikivaa ndani ya shati na hakukisema kwa mtu.

Siku moja mazoezini shati lilifunguka, hirizi ikachungulia. Januarius alisimamisha ngoma. Alimwita Ndaki katikati ya duara, akamuuliza ile ni nini, na Ndaki akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni ya bibi. Mlezi alitoa hotuba ndefu, kwamba padri akiona kitu kile kikundi kizima kitavunjwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kisha akamfungua vifungo vya shati kwa mikono yake mwenyewe, akaivua ile hirizi mbele yetu, wasichana na wavulana, akaitia mfukoni. Wengine walicheka. Ndaki, kijana mzima, alibaki kifua wazi, mikono ameikunja kujificha. Hakulia. Alichukua jembe lake akaenda nyumbani, na hakurudi tena mazoezini. Niliona haya siku ile hata chakula kikanishinda, ingawa hakuna aliyenivua kitu mimi.

Sasa habari ya pamba. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Sisi tulizoea ushirika, ghala moja, mzani mmoja, na malipo yanayokuja yanapotaka yenyewe. Ghafla yakaja makampuni na malori na vipaza sauti, na wanunuzi waliovaa viatu vya kung'aa wakawa wanamwahi mkulima kwa shikamoo kabla hajashuka kwenye mkokoteni. Msimu ule makampuni mawili yaliweka mizani pale senta, moja upande huu wa uwanja na nyingine upande ule, na bei zao zilikuwa sawa. Wakala wa moja, bwana mnene mwenye maneno matamu aliyeitwa Marcelo, akapata wazo. Mkulima akija kutazama ngoma na mkokoteni wake wa pamba, hataukokota tena uwanja mzima kwenda kuuza kwa mwingine. Akamwendea Januarius. Vijana wacheze karibu na mzani wake siku ya ufunguzi wa msimu wa kununua pamba. Watu wakijaa upande wake, yeye ataezeka jengo letu lote. Wakihamia ng'ambo, tutapata soda.

Kampuni ya pili haikulala. Ililikodi kundi kutoka Ngulyati, na kundi hilo lilikuwa na chatu.

Unaweza kurusha jembe mpaka mawinguni, lakini mtu akifungua sanduku akatoa chatu na kumvaa shingoni, umati wote utakugeuzia mgongo. Tulilijua hilo. Tulijua pia kwamba bila Ndaki sisi tulikuwa watu wenye majembe tu.

Jumapili iliyotangulia, mlezi alinitafuta baada ya misa. Aliniambia amekosa usingizi kwa ajili ya Ndaki. Hakusema amemkosea, alisema alimkazia mno. Alinituma kwa bibi Nyanjige na ujumbe, kwamba Ndaki aje uwanjani asubuhi ya mashindano, amsalimie mlezi mbele ya wenzake, wapeane mikono, na mambo yaishe hapohapo achukue nafasi yake. Nilikwenda mbio. Ndaki alinisikiliza huku anachambua pamba barazani. Aliuliza jambo moja tu, kama mlezi atampa mkono kweli. Nikamwambia sijawahi kumwona mlezi akimnyima mtu mkono. Bibi yake alifurahi hata akanifungia matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, ya kula njiani.

Kumbe mchana uleule mlezi alikuwa amepanda baiskeli kwenda Ngulyati kuwachungulia wapinzani wetu. Alimwona chatu kwa macho yake. Aliona watoto, wazee, mpaka katekista wa kule, wamejazana kumzunguka. Alirudi mtu mwingine. Siku zilizofuata alifupisha mazoezi, akawa anatukatiza nyimbo katikati, na Alhamisi hakuonekana kabisa. Alisema amekwenda kwao Mwanhuzi, mama yake anaumwa. Tukamwombea mama.

Asubuhi ya ufunguzi ilikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, ya kukunja mabega. Tulifika uwanjani jua linachomoza, majembe yamesuguliwa, njuga miguuni. Mikokoteni ilishaanza kuingia, pamba imepakiwa hadi ng'ombe hawaonekani kwa nyuma. Januarius akaja kwa miguu, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye viganja. Milembe, mwimbaji wetu, ndiye aliyekuwa mbele. Akapiga goti kidogo kama tunavyofanya wasichana kwa wakubwa, akasema mwangaluka mlezi, salamu yetu ya asubuhi, akanyoosha mkono.

Mlezi akampita.

Milembe alidhani hakusikia, akacheka kidogo. Mimi nikamsalimu kwa sauti kubwa zaidi, maana mimi ndivyo nilivyo. Mlezi akatazama juu ya kichwa changu kuelekea ng'ambo ya uwanja, akaenda kusimama karibu na ngoma kubwa, mikono nyuma.

Mtoto wa Kisukuma haelezwi jambo kama hilo. Niliona aibu tupu, kana kwamba ni mimi niliyechanjwa. Wavulana walianza kukaza njuga ambazo zilishakazwa. Milembe alibaki anautazama mkono wake.

Halafu nikamwona Ndaki anakuja.

Alikuja na jembe begani, amevaa shati jeupe ambalo bibi yake alilipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Nilitaka kumkimbilia nimzuie. Lakini ningemwambia nini mbele ya watu wote wale? Alipita katikati yetu, akafika mbele ya mlezi, akaweka jembe chini, akainama.

"Mwangaluka, mlezi," alisema. "Nimekuja. Naomba tusameheane."

Akanyoosha mkono.

Januarius aliumia, niliona. Midomo yake ilifunguka, na mkono wake wa kuume ulitoka nyuma ya mgongo ukafika nusu ya njia. Neno moja tu lingetosha. Lakini ng'ambo kule sanduku lilikuwa linafunguliwa na watu walishaanza vigelegele. Mlezi akatazama kule, akamtazama Marcelo aliyekuwa amesimama kwenye mzani, akatazama jengo letu lisilo na paa, ambalo kutoka pale lilionekana vizuri sana. Mkono ukarudi nyuma.

Ndaki alibaki ameinama kwa muda ambao niliuona mrefu mno. Kisha akainua kichwa. Akaliona lile shati la mikono mirefu, akaiona mikono iliyofichwa, akatugeukia sisi, na sisi wote tulikuwa tunatazama chini. Kwanza alikuwa na uso wa mtu aliyekataliwa. Halafu uso ukabadilika, nikajua ameelewa, na kuelewa huko kulimuumiza zaidi kuliko kukataliwa. Aliliacha jembe palepale, akaondoka akipita katikati ya mikokoteni.

Mlezi akapiga ngoma.

Tulicheza vizuri kuliko siku zote, maana mtu mwenye aibu hachoki, anatafuta pa kuiweka. Na yule chatu, kwa baridi ile, alijikunja akalala. Walimtikisa, wakamwimbia, wakambeba wakazunguka naye kama wamebeba gunia. Hakuinua hata kichwa. Watu wakachoka kutazama nyoka anayelala, wakaanza kuhama, na mikokoteni yao nyuma yao. Kama ni dawa au ni baridi, chagua mwenyewe. Mimi nimekulia hapo na bado sijachagua. Jua lilipopanda, ng'ambo walikuwa wamebaki wenye chatu na wenye mzani tu. Marcelo alicheka mpaka akashika kiuno.

Ndipo mlezi alipotusalimu. Alipita kwa kila mmoja wetu, kiganja chake kina moto, mwangaluka, mwangaluka, wakati asubuhi yenyewe ilishapita. Tulimpa mikono yetu. Tungefanyaje? Lakini hakuna aliyemwangalia usoni.

Mabati yalikuja kweli. Marcelo alikuwa na maneno mengi, ila hapo hakutudanganya. Fundi akaezeka, na waliopita na baiskeli kwenda Bariadi walisimama kutazama paa linavyong'aa. Wengine walitutania, eti vijana wa padri, chatu wa wenzenu mlimlisha nini? Tulicheka nao kwa meno tu. Padri hakujua, au alijua akanyamaza. Mazoezini tulipungua. Tuliobaki tulimwitikia mlezi kila alichosema, ndiyo mlezi, sawa mlezi, na ilikuwa adabu mbaya ile, adabu anayopewa mgeni. Zamani tulibishana naye mpaka tukashikana mashati kwa maneno. Sasa alipoanza visa vyake vya seminari tulicheka mahali pa kucheka, tukanyamaza mahali pa kunyamaza. Alikuwa anakonda, na tulikuwa tunaona.

Siku ya kufungua jengo alituita sisi kwanza, kabla ya padri na wageni kufika. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa bibi Nyanjige, na sijui alisema nini huko, lakini Ndaki alikuja. Alisimama karibu na mlango, hakukaa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mbao mbichi. Mlezi alisimama mbele akajaribu kuanza kwa sala, akaishia katikati ya ishara ya msalaba. Akaiacha sala.

"Mnajua nilichofanya," alisema. "Nimewaona mnavyonikwepa. Sasa nataka mwone kwa macho."

Akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati. Kifungo kilikataa, akakivuta kikang'oka. Akapandisha nguo mpaka kwenye kiwiko, akatunyooshea mkono. Chale zilikuwa pale, mistari midogo myeusi iliyokwisha kupona. Alisema zipo na kifuani, na kwamba atavua shati lote. Alisema alimvunjia Ndaki heshima mbele yetu kwa kitu alichokiendea yeye mwenyewe gizani, kwa hiyo Ndaki aje katikati amtazame vizuri, kila mtu amtazame, na anayetaka kucheka acheke.

Hakuna aliyecheka. Milembe alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliutazama ubao, ingawa haukuwa umeandikwa kitu. Sijawahi kuona haya kama yale. Mtu mzima, mtu aliyetufundisha kuinua vichwa mbele ya wazazi wetu, alikuwa anajivua mbele yetu kama anayejichapa, na sisi hatukuwa na pa kuweka macho.

Ndaki alitoka pale mlangoni. Tulimpisha. Tulidhani atamtukana, na nafikiri mlezi mwenyewe alikuwa anangoja hilo, alikuwa analihitaji. Ndaki alimfikia, akaishika ile nguo iliyopandishwa, akaishusha taratibu mpaka kwenye kiganja, akaishikilia hapo kwa sababu kifungo hakikuwepo.

"Usivue, mlezi," alisema. "Mimi nilivuliwa mbele ya hawa. Najua kunavyokuwa. Na wewe sikutakii."

Mlezi alijibu kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nadhani alisema kwamba aliogopa.

"Ungesema tu unaogopa," Ndaki akamwambia. "Hata mimi ile hirizi niliivaa kwa kuogopa. Tungeogopa wote."

Januarius akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mkono wake mmoja bado umeshikwa na Ndaki. Kwetu mtoto haangalii machozi ya mkubwa. Milembe akatoka kwanza, halafu wavulana, halafu mimi, na hatukuambizana. Tulikwenda kusimama nje juani, tukawaachia wao wawili lile jengo tulilolililia miaka yote, na padri alipofika na wageni wake tukamwomba asubiri kidogo.